Nusu ya Omari

Nikisema nimestaafu watu hucheka, kwa sababu bado sijaota hata mvi moja. Lakini kazi niliyokuwa nikiifanya imekwisha, chumba nilichokifungua kila siku kimekodishwa kwa mwingine, na ufunguo nimeurudisha kwa mwenyewe. Sijui neno jingine la hali hiyo. Naandika haya kwa ajili yenu mnaoendelea kukaa na watoto katika vyumba vya gemu, Majengo, Ganjoni na kwengineko, hasa nyinyi mlioanza juzi. Masomo yangu yaliishia darasa la nane na mkono wangu ni mzito wa kuandika, kwa hivyo nitakwenda polepole.

Nilianza nikiwa kijana wa miaka kumi na saba. Nilikuwa nimetoka upande wa Kaloleni kuja kukaa na shangazi yangu, aliyekuwa akifua nguo katika nyumba za Mji wa Kale. Mmoja wa aliowafulia alikuwa Ami Swaleh, mwenye duka la vitambaa. Ukoo wake ulikuja kutoka Arabuni zamani sana, na mtaani hapo wakubwa kwa wadogo humwita Ami. Mamake alipofariki, chumba cha mbele cha nyumba yao kilibaki kitupu, mlango wake ukitazama kichochoro. Ami akatia runinga mbili, mashine mbili za gemu na mkeka mkubwa, kisha akatafuta mtu wa kukaa na watoto. Shangazi alinisifu kwa jambo moja tu, kwamba mimi si msemaji. Ami akasema huyo ndiye amtakaye.

Siku ya kwanza nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango na sikutamka neno mpaka adhuhuri. Nilikuwa na haya, na nilijua Kiswahili changu kina lafudhi ya kwetu. Mtoto mmoja aliwauliza wenzake kama mimi ni bubu. Mwingine akasema si bubu, ni mgeni, jina lake Kazungu. Wa tatu akanitazama kuanzia miguuni akasema, "Huyu Mzungu amekaa juani sana." Chumba kizima kikacheka, nami nikacheka kidogo. Huo ndio uliokuwa usaili wangu.

Jioni Ami alikuja akanikuta nimesimama mlangoni, mikono nyuma. Akanivuta nikae. "Kazungu, usisimame kama askari," akaniambia. "Askari huwatazama watoto, watoto nao humtazama yeye, na hapo ndipo vurugu huanza. Wewe kaa kama mtu angojaye kuletewa chai." Nilikaa hivyo miaka yote. Watoto husahau kwamba upo, na wakisahau ndipo unapowaona.

Aliyenifundisha vyombo pia ni yeye. Pedi, vile vidude vya kuchezea vinavyoshikwa mkononi, hufa kwa mambo mawili, waya na achari. Waya huanza kukatika pale unapoingia kwenye pedi, kwa hivyo pafunge uzi mapema, usingoje. Achari ni shida kubwa zaidi. Mtoto hula embe yenye pilipili kwa mkono uleule anaochezea, vitufe vinanata, na anayempokea pedi hujipangusa jicho na kuanza kulia kabla hata hajafungwa. Niliweka kitambaa chenye maji mlangoni na hakuna aliyeshika pedi bila kukigusa. Kila Ijumaa asubuhi nilizifungua kwa bisibisi ndogo na kuzisafisha kwa pamba na spiriti. Skrubu ziwekeni ndani ya kifuniko cha chupa, msiziweke sakafuni. Na stima zikikatika, mchezo huanza upya, hata kama mmoja anaongoza mabao matano. Mkilegeza hapo mara moja, hamtapata amani tena.

Foleni ndiyo iliyokuwa ngumu, na Ami aliitatua kwa njia ambayo sijaiona kwingine. Watoto wa Mji wa Kale hawaingii ndani na viatu, kwa hivyo champali zote hubaki nje juu ya ngazi. Aliwaambia wazipange kwa mstari, na mstari huo ukawa ndio foleni. Ukija, unaweka champali zako nyuma ya zile za mwisho. Ukitumwa dukani, unakwenda pekupeku, na champali zinabaki kukushikia zamu yako mpaka urudi. Hakuna aliyeweza kubishana na champali. Mgeni aliyepita angeona watoto wanakimbia bila viatu huku viatu vimejaa mlangoni, akadhani ni nyumba ya msiba na sisi hatuna adabu.

Wazazi wengi hawakutupenda. Tulifunga saa za chuo ili watoto wakasome Qur'ani, tulifunga ikiadhiniwa magharibi, na bado tuliambiwa tunawaharibu. Maalim alikuwa akichungulia dirishani, na watoto wakijificha nyuma ya runinga kana kwamba runinga ina mgongo wa kuwatosha wote. Sikubishana na mtu. Lakini kutoka kwenye kile kiti niliona kwamba waliokuwa wakitazama runinga kwa dhati ni wale wanne wenye pedi. Waliokuwa wakingoja walikuwa na shughuli zao. Walidanganyana habari za majini, walibandikana majina ya utani, walikosana na kupatana kabla mechi haijaisha. Mtoto wa miaka minane au tisa bado hajui kushindwa. Nimeona mtoto akifungwa akaitupa pedi ukutani, akatoka analia mpaka kwao. Kesho yake akarudi akakaa pembeni, hasemi na mtu, mpaka mmoja wao akamsogezea kipande cha embe. Hakuna aliyeomba msamaha na hakuna aliyedai. Kazi yenu hapo ni kukaa kimya. Mkiingilia mapema, hawatajifunza kitu, na mkichelewa, pedi huvunjika. Kuujua wakati wenyewe kulinichukua miaka.

Sasa niwaambie habari ya Rajabu na Omari, maana ndiyo iliyonishinda.

Rajabu alikuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka kwetu na nyanyake, Bi Mwanasha. Mamake alikuwa Saudia, akifanya kazi za nyumbani kwa watu. Alikuwa mtoto wa haya kuliko mimi. Omari alikuwa jirani yake, babake karani wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, na Omari alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Kulikuwa na desturi kwamba wawili wenye zamu moja hugawana mechi, mmoja hucheza nusu ya kwanza na mwenzake nusu ya pili. Wengine walifanya hivyo wakikosa njia. Rajabu na Omari walifanya hivyo siku zote, hata siku ambazo kila mmoja angeweza kucheza peke yake. Na Rajabu alipokuwa na la kusema, Omari ndiye aliyelisema.

"Rajabu asema wewe hujui kudaka," alimwambia Hamisi, mtoto mkubwa kidogo aliyekuwa akipenda kuwaonea.

"Rajabu hajafungua mdomo."

"Amesema ndani. Mimi nimemsikia."

Rajabu alikuwa akitabasamu, akitazama magoti yake.

Ukaja mwaka ule wa ugonjwa, shule zikafungwa, na sisi tukafungwa. Walimu wakawa wanatuma masomo kwa simu, na nyumba ambazo hazikuwa zikimpa mtoto simu zikalazimika kumpa. Tulipofungua tena, watoto walirudi na simu mkononi. Mwanzoni nilifurahi, kwa sababu kelele zilipungua, na mimi napenda kimya. Kisha nikaona kwamba wanaongoja hawazungumzi. Kila mmoja ameinamia kioo chake, wamepeana migongo, na zamu ya mtu ikifika inabidi nimguse bega. Ugomvi nao ukapungua. Ami akasema tumepata watoto watulivu. Baada ya miezi baadhi yao wakaona hakuna haja ya kuja kuinamia simu kwetu ilhali wanaweza kuinamia kwao, na mstari wa champali ukaanza kufupika.

Ndipo babake Omari akapata nyumba Ganjoni, ghorofa yenye maji na geti. Si mbali. Mtu mzima hufika kwa miguu, na tuktuk hufika kabla hujakaa sawa. Lakini mtoto asiyeruhusiwa kuvuka barabara kubwa peke yake, kwake Ganjoni na Maskati ni sawa. Walihama siku ya Ijumaa. Rajabu alisaidia kubeba mito mpaka kwenye gari, kisha akaja akakaa kwetu asicheze.

Jumatatu yake alikuja na jozi mbili za champali. Zake alizivua miguuni. Nyingine alizishika mkononi, kuukuu, visigino vimelika, zile ambazo Omari alikuwa ameziacha kwa Bi Mwanasha. Akazipanga zote kwenye mstari, zake mbele na za Omari nyuma, akaingia ndani.

Hamisi ndiye aliyeuliza. "Hizi za nani?"

"Za Omari."

"Omari yuwapi?"

"Yuwaja."

"Omari amehamia Ganjoni, wewe. Yuwaja na ndege?"

Watoto wakacheka, kisha wakanigeukia mimi. Sheria ya Ami ilisema champali hushika zamu mpaka magharibi, na magharibi ilikuwa bado. Nikasema ziachwe.

Zamu ya Rajabu ikafika, akicheza na Hamisi. Nusu ya kwanza alicheza vizuri, akatangulia mabao mawili. Nusu ya pili ilipoanza aliiweka pedi chini kwenye mkeka, mahali ambapo Omari alikuwa akikaa, akarudisha mikono mapajani.

"Cheza," Hamisi akamwambia.

"Hii ni nusu ya Omari."

Hamisi akafunga bao, akashangilia. Akafunga la pili na la tatu, na waliokuwa wamejaa nyuma yake wakapiga makofi. Wachezaji wa upande wa Omari walikuwa wamesimama tu uwanjani, upepo ukiwapuliza jezi. Kufikia bao la tano hakuna aliyekuwa akicheka. Hata waliokuwa na simu walikuwa wameinua vichwa. Hamisi naye akamsimamisha mchezaji wake mbele ya goli, akaacha kubonyeza, na sote tukakaa tukautazama mpira umetulia mpaka muda ukaisha. Rajabu alikuwa amefungwa, kwa hivyo akainuka akampisha mwingine, kama sheria inavyosema.

Alifanya hivyo tena kesho yake, na kesho kutwa. Ami alipopata habari alisema nisimguse, mtoto atachoka mwenyewe. Hakuchoka upesi. Nimekaa na watoto wakali, waongo na wezi wa betri, na kwa kila mmoja nilijua la kufanya. Kwa huyu sikujua. Alikuwa hafanyi kosa lolote. Alikuwa akimngoja mwenzake kwa njia tuliyomfundisha sisi.

Jumamosi moja Omari alikuja kweli. Babake alikuwa na shughuli msikitini, akamwacha kwetu. Alivaa viatu vya kamba ambavyo vilimchukua muda kuvivua, akanisalimia vizuri, akakaa mkekani mahali pake. Rajabu alikuwa amekwisha kumshikia pedi.

"Wataka nusu ya kwanza au ya pili?" akamwuliza. Sikuwahi kumsikia akianza mazungumzo kabla ya siku hiyo.

"Subiri kidogo. Niko ndani ya mechi," Omari akasema. Alikuwa na simu mpya.

"Na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

"Siwajui majina. Wengine wako Nairobi, mmoja nafikiri yuko Misri."

Rajabu akasogea kutazama. Kwenye kile kioo vitu vilikuwa vikienda mbio sana. Akatazama kwa muda, kisha akauliza kama hao watu walijua kwamba Omari amehama. Omari akaendelea kubonyeza. Hakuwa mtoto mbaya, na alichosema baadaye alikisema kwa wema.

"Kwani wewe hupewi simu? Ungekuwa nayo tungecheza kila siku. Tungekuwa pamoja tu."

"Sasa tuko pamoja," Rajabu akasema.

"Eeh," Omari akaitikia, macho kiooni.

Babake alipomwita, ile mechi ilikuwa haijaisha. Alifunga kamba za viatu kwa mkono mmoja.

Siku chache baadaye Bi Mwanasha alikuja mlangoni na buibui lake, mama wa kwanza kuja kwetu bila kuwa na mtoto wa kumburuta. Aliniambia masalkheri, akauliza habari za shangazi na za kwetu Kaloleni, akamaliza heshima zote, kisha ndipo akaingia katika lake. Alisema mtoto hali vizuri, na mamake akipiga simu kutoka Saudia, Rajabu hamwulizi kitu ila lini atamtumia simu.

"Mwanangu Kazungu, wewe wakaa nao hawa. Nimwambie mamake atume, au nikatae?"

Sikuzoea kuulizwa na wakubwa. Nilimwambia nililoliona. Nilisema akikosa simu, Omari atampotea, na akiipata, siwezi kumwahidi kwamba Omari atarudi.

"Hilo si jibu."

"Najua, bibi."

Akasimama akitazama zile champali. "Mimi nikikosana na shoga yangu nilipita mlangoni kwake, nikapita tena, mpaka akachoka kujificha akatoka. Huyu apite mlangoni kwa nani? Watoto wote wako ndani." Akajitanda buibui vizuri. "Nitamwambia atume. Nikikosea, nimekosea naye akiwa nyumbani kwangu."

Simu ililetwa na jirani aliyerudi kutoka Saudia. Rajabu alikuja mbio kunionyesha, na mbio zenyewe sikuwahi kuziona kwake. Alikuwa amekwisha kuzungumza na Omari, watacheza jioni hiyohiyo. Akaziokota champali za Omari mlangoni, akazikung'uta vumbi, akaenda nazo nyumbani. Nilifurahi naye kwa moyo safi. Hakurudi tena chumbani.

Baada yake nao wengine wakaacha, mmoja mmoja, bila kuaga, maana mtoto haagi. Hamisi ndiye aliyekaa zaidi. Alikuwa akija kucheza peke yake, mkono wake dhidi ya mashine, na akifunga bao aligeuka nyuma kuona nani ameona, akanikuta mimi. Nilikuwa nikimpigia makofi. Sidhani yalimtosha. Siku za mwisho nilifungua pedi kila Ijumaa nikazisafisha zikiwa safi. Ami alikuwa akija kukaa na mimi, kahawa yake mkononi.

"Walisema twawaharibu watoto," akaniambia siku moja. "Nami nikaamini kidogo. Sasa natamani aje mmoja aniharibie hata pedi."

Chumba alikikodisha kwa kijana auzaye vifuniko vya simu. Runinga moja alinipa mimi, mkeka akampa shangazi. Nilipomrudishia ufunguo hatukusema mengi. Tulizoeana kwa kimya.

Kabla ya kuondoka kwenda kwetu nilipita kumuaga Bi Mwanasha. Ilikuwa alasiri, saa ambayo zamani hukuweza kupita kichochoro kile bila kugongwa na mtoto. Nilikipita chote bila kumpisha mtu. Bi Mwanasha alinikaribisha, akaenda jikoni kutia chai. Rajabu alikuwa mkekani chini ya dirisha, simu mkononi. Alikuwa amerefuka. Alinipa mkono akaniuliza hali, nami nikakaa karibu naye nikamwuliza kama yeye na Omari hucheza kila siku.

Alisema walicheza mwanzoni. Kisha timu ya Omari ikajaa, na wale wengine walisema Rajabu si mwepesi. Nikamwuliza kama basi huzungumza. Akatikisa kichwa.

"Sasa simu waitazamia nini?"

Akaigeuza nione. Palikuwa na majina machache, na pembeni ya jina la Omari nukta ndogo ya kijani.

"Ikiwa kijani, ndiyo yupo," akanieleza.

"Kisha wamwandikia?"

"La. Najua tu kwamba yupo."

Bi Mwanasha akaleta chai na kaimati, akakaa, akaniambia kwamba siku hizi mtoto hamsumbui kabisa, hata yeye hajui kama mtoto yumo nyumbani. Hakusema kama mtu anayejisifu. Tulipokuwa tukinywa nilimwona Rajabu akiinama kutazama, akainuka, akainama tena. Nami nikainama naye. Ile nukta haikuwapo.

"Pengine amekwenda kula," nikamwambia.

"Pengine," akasema.

Hakuiweka simu chini. Nikasogea, nikamshikia kikombe chake kisimwagike, tukakaa tukitazama.